Tetea au Jogoo? Barua kwa Shangazi Kutoka Singida

Shangazi,

Nakuandikia nikiwa Singida, nimekaa nje ya chumba nilichopanga, na upepo ulivyo mkali karatasi nimeibana kwa jiwe. Mawe huku si ya kutafuta. Yamelundikana vilimani kana kwamba kuna mtu aliyapanga moja moja, mengine makubwa kuliko nyumba yako ya Muheza, na mji umejengwa katikati yake. Nimekula ugali wa uwele kwa mlenda, nimelala vizuri, sina homa. Salamu zinatosha, maana najua barua hii ukiipata utaruka mistari yote utafute neno moja tu: vifaranga.

Sijasahau. Tangu alfajiri ile uliponipigia simu ukasema, "Mwanangu, mabinti zangu wanawika," sauti yako haijanitoka masikioni. Ulinunua vifaranga 60 kwa fedha za kikoba. Yule bwana aliyekuja na maboksi kwenye pikipiki alikuapia kuwa ni matetea watupu. Akamshika mmoja, akamfungua bawa mbele yako, akakuonyesha manyoya, nawe ukalipa bei ya matetea. Ukalala na jiko la mkaa bandani, ukanunua pumba, ukanunua chanjo ya mdondo, na baada ya miezi yote hiyo, 33 kati yao wakaota upanga mwekundu. Uliniambia kosa ni lako kwa kuwa hukusoma. Shangazi, nimezunguka wiki nzima kwa ajili ya swali lako, na la kwanza ninalotaka ulisikie ni kwamba kosa si lako.

Nilianzia Morogoro. Siku hizi kufika ni rahisi, treni ya umeme inakutoa Dar es Salaam na kabla hujamaliza kuzungumza na jirani yako umeshaiona milima ya Uluguru. Nilikuwa nimeomba ruhusa kwenye kituo kimoja cha kutotolesha, nikakubaliwa kwa sharti la kuoga, kubadili nguo na kukanyaga dawa kwenye kizingiti. Ndani kuna joto la kukumbatia na mlio mmoja usiokatika, sauti za maelfu ya vifaranga waliototolewa usiku huohuo. Wamewekwa kwenye maboksi yenye vyumba vinne, kila chumba vifaranga 25, boksi zima 100.

Dada aliyenipokea kazi yake ni kuchambua. Alimchukua kifaranga mmoja kwa mkono wa kushoto, mgongo wa kifaranga kwenye kiganja chake, akalikunjua bawa kwa kidole gumba kama mtu anayefungua upepeo wa kujipepea. Akaniambia niangalie ukingo wa bawa kwenye mwanga. Pale kuna safu mbili za vijinyoya vinavyochomoza kama ncha za kalamu. Safu ya chini ni manyoya ya kurukia, safu ya juu ni yale yanayoyafunika. Kwa yule wa kwanza, ya chini yalikuwa marefu waziwazi na ya juu mafupi, ukiangalia unaona refu, fupi, refu, fupi. "Tetea," akasema, akamweka kulia. Wa pili, safu zote mbili zilikuwa sawa, hata ya juu ilizidi kidogo. "Jogoo." Kushoto. Sikuwa nimemaliza kupepesa macho, wa tatu alishapita.

Akanipa 20 nijaribu. Nilipatia 13. Akaniambia kwa upole kuwa mtu anayefumba macho angepatia 10, kwa hiyo nimejifunza vitatu. Mikono yake imefanya kazi hiyo miaka mingi, na bado akikutana na bawa lenye utata humsogeza kwenye taa na kumwangalia mara ya pili.

Nikamwambia habari zako. Nikamwambia yule bwana wa pikipiki naye alifungua bawa. Hapo ndipo alipoweka boksi chini, akaniuliza swali ambalo limebeba safari yangu yote: "Baba yao na mama yao walikuwa mbegu gani?"

Sikujua. Nawe hukujua, na yule bwana hakukuambia. Kumbe jibu zima limelala hapo.

Nitakueleza kama alivyonieleza, ila nitatumia mfano wa kanga ya kuvaa, maana ndio ulionisaidia kuelewa. Katika chembe za damu za kuku kuna vitu vinavyobeba urithi, na viwili kati yake ndivyo vinavyogawa jinsia. Wataalamu huviita Z na W. Jogoo ana Z mbili. Tetea ana Z moja na W moja. Kwa hiyo kwa kuku mama ndiye anayeamua mtoto awe wa kiume au wa kike, kinyume na sisi binadamu ambako ni baba, ingawa umewahi kuona mwenyewe wanawake wangapi wamerudishwa kwao kwa sababu ya kuzaa wasichana watupu. Sasa fikiria hiyo Z ni kanga. Baba ana kanga mbili, kila mtoto humpa moja. Mama ana moja tu, na hiyo huwavisha watoto wa kiume pekee. Binti haambulii kanga ya mama yake, huvaa ya baba.

Ukilijua hilo unaweza kupanga harusi. Urefu wa manyoya ya bawa umeandikwa kwenye kanga hiyo. Ukichukua mama wa mbegu inayoota manyoya polepole, ukampa baba wa mbegu inayoota haraka, watoto wa kiume huvaa upole wa mama na mabinti huvaa haraka ya baba. Siku ya kwanza, bawa linasema kweli. Ukigeuza, baba akawa wa polepole na mama wa haraka, uko tayari kudanganyika, kwa sababu watoto wote, wa kike na wa kiume, huvaa kanga ya polepole. Na ukiwachanganya tu bila mpango, kama tunavyofanya majumbani, bawa halisemi lolote. Hata pale penye mpango, manyoya yanakimbia kukua, na zikipita siku mbili tatu ile tofauti ya safu imeshapotea.

Kwa hiyo yule bwana alikuonyesha dalili ya kweli kwa kuku wasio wake. Labda alidanganya, labda naye alidanganywa. Lakini alichukua bei ya matetea kwa kitu ambacho hakuwa na njia ya kukijua, na mimi hilo siwezi kuliita bahati mbaya.

Rangi nayo ni hivyohivyo. Umewahi kuniuliza kwa nini wauzaji wa kuku wa mayai, wale wa kahawia, hawakosei. Ni harusi iliyopangwa. Jogoo ana damu nyekundu ya aina ya Rhode Island Red, mama ana weupe wa kufunika rangi, na weupe huo umeandikwa kwenye kanga yake. Wa kiume hutoka wa manjano iliyopauka, wa kike hutoka wa kahawia. Mtoto mdogo anaweza kuwachambua. Ila ukija kuwazalisha wenyewe kwa wenyewe hao wa kahawia, usitegemee rangi tena, mpango ule uliishia kwa wazazi wao.

Kuna harusi nyingine niliyoipenda zaidi. Mama ni wa madoa, yule kuku wa Plymouth Rock mwenye mistari ya kijivu na nyeupe kama kikoi, baba ni mweusi, tuseme Australorp. Vifaranga wote hutoka weusi, lakini wa kiume ana doa jeupe utosini, kama tone la uji. Wa kike kichwa chake ni cheusi kitupu. Ukigeuza wazazi, doa linawapata wote na limekosa maana. Mwingereza Reginald Punnett wa Cambridge ndiye aliyetangaza faida ya urithi wa aina hii tangu wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, chakula kilipokuwa adimu na hakuna aliyetaka kulisha majogoo wasiotaga. Baadaye yeye na mwenzake wakatengeneza mbegu iitwayo Cambar, ambayo vifaranga wake hutofautiana kwa rangi kizazi hadi kizazi bila kuchanganya mbegu mbili.

Nilimuuliza pia yule dada kuhusu wale wanaominya kifaranga nyuma, maana najua jirani yako alikushauri. Ni kweli ipo. Ni elimu ya Wajapani, ya Profesa Kiyoshi Masui na wenzake, miaka ya 1920. Ndani ya tundu la haja la kifaranga wa siku moja kuna kijipele kidogo mno, kichwa cha pini ni kikubwa, na umbo lake hutofautiana kati ya wa kiume na wa kike. Waliojifunza huchambua zaidi ya 1,000 kwa saa, na miaka ya 1930 Wajapani wengi walikwenda Marekani na Ulaya kufanya kazi hiyo. Uzuri wake ni kwamba haiulizi mbegu, hufanya kazi kwa kuku yeyote. Ubaya wake ni kwamba inadai mafunzo marefu, na mkono usiojua humuumiza kifaranga ndani hadi akafa. Shangazi, nakuomba usijaribu, wala usimruhusu mtu ajaribu kwa vifaranga wako.

Basi nikaondoka Morogoro na swali la yule dada kichwani, nikapanda tena treni hadi Dodoma, na kutoka hapo basi. Bahi, Kintinku, Manyoni, Ikungi. Njia yote kuna alizeti, na kila basi linaposimama vijana wanakimbilia madirishani na kuku hai mikononi. Singida na kuku ni kama Tanga na machungwa. Kuku unayemkuta sokoni Dar es Salaam ameshonana na wenzake kwenye tenga, mara nyingi alianza safari huku.

Nilitaka kuja Singida kwa sababu moja. Vituo vya kutotolesha vina mpango wa wazazi. Lakini wewe na wanawake wengi ninaowajua mnafuga kienyeji, jogoo wa jirani anaingia na kutoka, na harusi hazina kadi. Hapo mtu anajuaje?

Mwenyeji wangu alinipeleka kwa mama mmoja wa Kinyaturu, mtu mzima wa umri wako, kijiji kisicho mbali na mji. Aliposikia nimetumwa na shangazi yangu alicheka kwa furaha, akaamuru niletewe kigoda. Alikuwa na koo watatu wenye vifaranga, wote wakilala chini ya matenga usiku. Aliwamwagia punje za uwele kidogo, wakaja, akawa ananionyesha kwa fimbo bila kumshika yeyote.

Yeye naye alianza na mbegu. Sikumuuliza, alianza mwenyewe. "Yule ni kishingo," akasema, "tangu anatoka kwenye yai shingo iko wazi, hakuna wa kubisha." Kweli, kifaranga wa siku chache, malaika mwili mzima, shingo tupu kama mtoto aliyenyolewa. "Yule kidimu, huyu humjui siku ya kwanza, subiri manyoya ya bawa yatoke, utaona yanapinda kwenda nje." Mwingine alikuwa na kivimbe utosini chenye malaika yaliyosimama, huyo atakuwa wa kishungi. Akanionyesha vifaranga wenye mistari ya kahawia mgongoni, hao wakikua wanavaa rangi ya kuku wa porini. Mweusi mwenye tumbo la manjano atakuwa mweusi mtupu, au wa madoa kama ana doa kichwani. Wa manjano mtupu mara nyingi huishia mweupe.

Kisha akafika kwa kuchi, na hapo uso wake ukabadilika, maana kuchi ndio fahari yake. Unawafahamu, hata Lamu wanawathamini mno, wale warefu wa shingo na miguu, wanaosimama wima kama askari kwenye gwaride. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine wamewachambua kuku wetu wa asili, na kuchi ni mmoja wa wale waliowatenga kwa jina, pamoja na ching'wekwe mwenye miguu mifupi na singamagazi. Kifaranga wa kuchi humtambua kwa upanga. Kuku wa kawaida ana mstari mmoja mwembamba kuanzia juu ya mdomo, una meno kama msumeno. Kuchi ana vijimistari vitatu vifupi vimelala chini, kama punje za njegere zilizobanana. Miguu ni minene, macho yameingia ndani chini ya paji.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo nilipoelewa kwa nini mbegu lazima itangulie. Mama huyu huanza kubagua jinsia wiki ya tatu kwa kuangalia manyoya. Wa kike huvaa mapema, mkia unachomoza, mabega yanafunikwa. Wa kiume huchelewa, mkia kibutu, mgongo bado una malaika. Wiki ya tano na ya sita anaangalia upanga. Wa kiume unapanuka na kuwa mwekundu, wa kike unabaki mwembamba wa rangi ya nyama iliyopauka. Hizo dalili mbili zinamtosha kwa kuku wake wa kawaida. Lakini kwa kuchi zote mbili zinamsaliti. Kuchi wote, wa kike na wa kiume, huota manyoya polepole, wanakaa uchi hadi unawaonea huruma. Na upanga wao ni mdogo kwa asili, hata kwa jogoo mzima. Mtu anayemhukumu kuchi kwa manyoya atasema wote majogoo, na akimhukumu kwa upanga atasema wote matetea. Kwa kuchi yeye hungoja. Anaangalia unene wa goko la mguu, namna ya kusimama, na mwisho manyoya ya shingo na ya kiunoni karibu na mkia. Yakitoka yamechongoka kama majani ya mtama ni pora. Yakitoka ya mviringo kama ukucha ni tembe. Hiyo ni miezi miwili na nusu, mitatu.

Nilimuuliza kuhusu mayai, ile imani tuliyokua nayo kwamba yai lililochongoka hutoa jogoo na la duara hutoa tetea. Akasema alichagua ya duara kwa miaka, na majogoo hawakukoma kuzaliwa nusu kwa nusu. Nami nikamweleza habari ya kanga, kwamba jinsia hupangwa kabla ganda halijaumbwa, na umbo la ganda ni kazi ya njia ya uzazi ya mama. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Basi nimetupa mayai mengi." Aliniuma moyo aliposema hivyo.

Kitu kimoja kinanifanya nimpende zaidi. Kwake jogoo si hasara. Pora wake humuuza sikukuu kwa bei ambayo tetea haifikii, na kuchi dume mmoja humlipia ada. Nilimsimulia kuwa Ulaya, kwenye kuku wa mayai, vifaranga wa kiume wamekuwa wakiuawa siku ya kwanza kwa mamilioni kwa kuwa hawatagi wala hawanenepi, na kwamba Ujerumani imepiga marufuku jambo hilo tangu mwanzo wa 2022, sasa wanapima yai kabla halijatotoa ili wajue aliyemo. Hakuamini. Aliniuliza mara mbili kama kweli wanawaua bila hata kuwala.

Kwa hiyo, Shangazi, hao 33 usiwauze kwa hasira. Wanenepeshe hadi Krismasi, majogoo wa kienyeji na machotara hupata bei wakati huo. Na ukinunua tena, usimuulize muuzaji "hawa ni matetea?" Kila muuzaji atajibu ndiyo. Muulize baba yao ni mbegu gani na mama yao ni mbegu gani, na wamechambuliwa kwa bawa, kwa rangi, au kwa kuminywa. Anayejua atakujibu kwa sentensi mbili. Anayekuambia "chotara tu, mama" anauza mchanganyiko, hivyo mlipe bei ya mchanganyiko, nusu utapata nusu utakosa, na hakuna aliyekuibia. Ukinunua kwa bei ya matetea andikishana naye idadi na namba yake ya simu, mbele ya wenzako wa kikoba. Siyo aibu. Fedha ile ni ya watu 20.

Kabla sijaondoka mama alinikamatia kifaranga mmoja wa wiki tano, mtoto wa kuchi kwa baba na wa kawaida kwa mama, akamfunga uzi mwekundu mguuni ili asichanganywe. Ni zawadi yako. Upanga wake ni punje tatu, ila ya katikati imeanza kuinuka kidogo, na mkia umeshatoka nusu kidole. Nimemgeuza kwenye mwanga zaidi ya mara kumi. Yeye anasema tembe. Mimi naona goko lake ni nene mno kwa tembe. Nitakuwa Muheza Ijumaa, utamwangalia mwenyewe kabla sijakuambia lolote zaidi.

Wasalimie wote nyumbani.

Mwanao.